Somo: Jinsi ya kuanza kuandika programu na kupata kazi za kampuni za nje ukiwa hapa hapa Bongo

Wakuu, salaam. Naandika kwa wanaoanza kabisa.

Hatua ya 1. Chagua lugha moja, JavaScript au Python, kisha tulia nayo. Tovuti ya mafunzo ya freeCodeCamp ni bure, na kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard vilevile. CS50 inaanza na Scratch, lugha nyepesi ya kupanga vipande, kisha inaingia lugha ya C, hapo wengi hukimbia. Vumilia.

Hatua ya 2. Jifunze mapema Git, programu ya kutunza kila badiliko la msimbo (maandishi ya programu) na kushirikiana na wenzako. Timu iliyotawanyika nchi nne hairushiani mafaili kwa WhatsApp.

Hatua ya 3. Hapa ndipo pa kutulia. Tengeneza kitu kimoja ambacho watu wanakitumia kweli, kwa mfano daftari la kikoba: hisa, mikopo, riba, faini. Utakutana na mambo ambayo video hazikuonyeshi. Iambie JavaScript ijumlishe 0.1 na 0.2, itakupa 0.30000000000000004. Ndiyo maana fedha huhifadhiwa kwa senti, namba nzima, bila desimali. Halafu mtandao ukiwa mzito, mweka hazina anabonyeza "hifadhi" mara mbili. Utazuiaje rejesho lisiingie mara mbili? Ukiweza kueleza hilo kwenye usaili kwa Kiingereza kinachoeleweka, naamini umemzidi mwenye rundo la vyeti.

Hatua ya 4. Changia programu huria (open source), yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Anza na hitilafu ndogo. Majibizano yako na wanaokagua msimbo wako yanabaki hadharani, na mwajiri anasoma humo unavyopokea kukosolewa.

Hatua ya 5. Omba kazi. Soma tangazo mpaka chini, maana mengi yanayosema "popote" yanataka mkazi wa Marekani au Umoja wa Ulaya tu. Ulaya inatufaa kwa saa: Berlin iko nyuma yetu kwa saa 1 au 2, kutegemea msimu. New York ni 7 au 8, hivyo kikao chao cha saa nne asubuhi kwako ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Mara nyingi utachukuliwa kama mkandarasi, bila NSSF, bima wala likizo ya malipo. Vipigie hesabu hivyo kabla ya kutaja bei.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Itafaa?
Jibu: Kwa kuanzia inatosha kabisa. Weka mfumo endeshi wa Linux ulio mwepesi badala ya Windows, achana na Android Studio, programu nzito ya kutengenezea app za simu, kwa sasa.

Swali: Hela inaingiaje?
Jibu: Kwa Payoneer, huduma ya kupokea malipo ya nje mtandaoni, au moja kwa moja kwenye akaunti yako ya dola benki. Kampuni ya Marekani itakupa fomu ya W-8BEN uthibitishe kuwa wewe si mlipakodi wa kwao. Kodi ya hapa inabaki palepale, kwa hiyo kachukue TIN pale TRA. Na anayekudai "ada ya usajili" ili akuajiri ni tapeli, mkimbie.

Swali: Kaka, umeme ukikatika katikati ya kikao?
Jibu: Dada yangu, nunua betri ndogo ya kuendesha ruta, weka na bando kwenye laini ya mtandao mwingine. Ukiona hali mbaya, mwandikie kiongozi wa timu mapema, asije akakutafuta yeye.