Kutoa Ruwaza Kwenye Mistari ya Ubao

Kabla ya kushika penseli, geuza ubao uutazame pande zote. Kichwani, pale msumeno ulipokata shina kwa kukingama, utaona pete. Kwenye uso mpana, pete hizohizo hugeuka vilele vilivyochongoka au mistari iliyonyooka, kutegemea shina lilivyopasuliwa. Chagua uso mmoja tu. Mimi sichanganyi, kwa sababu pete huvuta jicho katikati na mistari hulikimbiza.

Msonobari unafaa sana kuanzia. Sehemu ya pete iliyokua mwanzoni mwa msimu ni laini na hafifu kwa rangi. Ya mwishoni ni ngumu na imekoza. Sugua kwa burashi ya waya ukifuata mistari: sehemu laini italika, ngumu itabaki imeinuka. Futa vumbi, tandika karatasi nyembamba, ibane isiteleze, kisha pitisha ubavu wa krayoni. Mchoraji Mjerumani Max Ernst alianza kutumia njia hii mwaka 1925, akivutiwa na mbao za sakafu.

Sasa weka chapa hiyo pembeni, uchore upya kwa mkono. Hapa usiharakishe. Mistari ya mbao hukaribiana na kuachana, lakini haikatizani. Ukikatiza hata mmoja, mchoro wote unakuwa wa uongo. Tazama pia unene wake: mstari uliokoza una ukingo mmoja mkali, ule unaoelekea gome, na mwingine unaofifia taratibu. Ukizipa kingo zote ukali sawa, ruwaza inakufa.

Fundo lichorwe kwanza. Lile ni tawi ambalo shina lilizidi kunenepa likilizunguka, ndiyo maana mistari inapinda. Mstari wa kwanza ulibane fundo, wa pili ulegee kidogo, hivyo hivyo mpaka upindo uishe. Fundo lililopachikwa baadaye huonekana kama kifungo kilichoshonwa juu ya nguo.

Ili ruwaza ijirudie, kata mchoro wima katikati, ubadilishane nusu zake. Kingo za nje zitakutana ndani. Unganisha mistari hapo. Rudia kwa mlalo. Ukipanga safu za wima, shusha kila ya pili nusu ya urefu wa mchoro, la sivyo mafundo yatajipanga mstari mmoja. Rangi mbili zinazokaribiana zinatosha. Jaribu kwanza kwenye karatasi kubwa, uibandike ukutani, uitazame ukiwa mbali.