Namna ya Kuandika Mazungumzo ya Binadamu na Viumbe wa Sayari Nyingine

Kabla ya kumpa kiumbe wa sayari nyingine neno la kwanza katika hadithi yako, amua ana mwili gani, kwa kuwa lugha hutokana na viungo na milango ya fahamu ya mwenye kuitumia. Hapa duniani nyuki humwelekeza mwenzake kwenye maua kwa kucheza juu ya sega, na wako samaki wanaotambuana kwa umeme hafifu unaotoka miilini mwao. Kiumbe wako akisema kwa harufu, usemi wake utapeperushwa na upepo na kubaki mahali hata baada ya yeye kuondoka. Hapo tayari una tukio.

Kisha tafuta jambo ambalo pande zote mbili zinalijua. Waandishi wengi hukimbilia hesabu, na wana sababu: ujumbe uliorushwa angani kutoka Arecibo, Puerto Rico, mwaka 1974 ulikuwa na alama 1,679, idadi inayopatikana kwa kuzidisha namba tasa mbili, 23 na 73, ili mpokeaji agundue kwamba alama hizo zikipangwa kwa safu hutoa picha. Hata hivyo, hesabu haiombi radhi wala haitoi ahadi, na hadithi huishi katika mambo hayo, kwa hiyo itumie kufungulia mlango tu.

Muda wako mwingi upe sarufi. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna hazina ya ngeli: twasema mtu amekufa lakini mti umekufa, ingawa wote wawili walikuwa hai. Jiulize, basi, kiumbe wako angemweka binadamu katika ngeli gani. Ikiwa lugha yake humweka pamoja na mvua na moshi, yaani vitu vinavyopita, mkalimani anaweza kufasiri kila neno kwa usahihi na bado asitambue kwamba wageni hawajawahi kumhesabu kuwa msemaji. Kosa la namna hiyo, kwa maoni yangu, linabeba hadithi nzima, ilhali mashine inayotafsiri yote papo hapo huliua kabla halijazaliwa.

Mawasiliano yakiwa ya redio, zingatia umbali: Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi baada ya Jua, iko umbali wa takriban miaka ya mwanga 4.2, yaani mwanga au redio huchukua miaka 4.2 kufika huko, hivyo ujumbe kwenda na jibu kurudi vitachukua zaidi ya miaka 8.

Mwishoni soma onyesho lako ukiwa upande wa mgeni, ukifuta kila sentensi anayoielewa pasipo wewe kuonyesha alivyojifunza kuielewa.