Somo: Kushughulikia swichi ya redio katika draiva ya Linux

Vipakatalishi vingi vinavyofika mezani kwangu hapa Kisumu ni vya mtumba, na wenyewe huniambia kwamba kadi ya Wi-Fi imekufa, kumbe kiswichi cha ubavuni kilisogea mkobani ndani ya matatu. Draiva (programu inayoiongoza kadi) iliyoandikwa vyema humweleza mtu huyo ukweli.

Kwanza, tofautisha vizuizi viwili. Kizuizi cha programu huwekwa na kuondolewa kwa amri. Kizuizi cha swichi hakiondolewi na amri yoyote, kwa sababu kwenye kadi za mini PCI Express swichi hushusha volti ya pini ya 20, na redio hunyamaza hata kabla kerneli (kiini cha Linux) haijapata habari. Andika rfkill list kwenye terminali; rfkill ni sehemu ya Linux inayosimamia kuzimwa na kuwashwa kwa redio. Ukiona "Hard blocked: yes", shika swichi kwanza, si msimbo.

Pili, draiva inapoanza, ita rfkill_alloc() ukitaja aina ya redio, soma hali halisi ya swichi, uipeleke kwa rfkill_set_hw_state(), ndipo uite rfkill_register().

Tatu, andika set_block, ambayo kerneli huiita inapotaka redio izimwe au iwashwe. Hapa ndipo wanafunzi wangu hukosea zaidi: wanaona swichi imezimwa, kisha wanaripoti kana kwamba mtumiaji ameizima redio kwa programu, naye anabaki kubofya kitufe cha skrini kisichoweza kumsaidia. Hali hizi mbili zisichanganywe kamwe.

Nne, swichi ikibadilika, ripoti papo hapo. Kuita rfkill_set_hw_state() kunaruhusiwa hata ndani ya katizo (interrupt, ishara ya maunzi inayoishtua kerneli). Kama maunzi hayatoi katizo, weka poll, kitendakazi kinachoitwa mara kwa mara kusoma swichi. Mashine inapoamka usingizini, soma swichi upya, kwa maana huenda swichi iliguswa mashine ikiwa imelala.

Draiva ikiondolewa, ita rfkill_unregister() kisha rfkill_destroy().

Maswali ya wanachama

Kakamega: Mwalimu, draiva yangu inatumia cfg80211, tabaka la Wi-Fi la kerneli. Nisajili rfkill yangu mwenyewe?
Jibu: La, ndugu yangu. cfg80211 imekwisha kukusajilia; wewe ita wiphy_rfkill_set_hw_state() tu.

Nakuru: Fundi alibandika kipande cha tepu juu ya pini ya 20 na Wi-Fi ikarudi. Kuna ubaya gani?
Jibu: Imerudi kwa sababu kadi haiisikii tena swichi. Ubaya ni kwamba mwenye mashine ataisogeza swichi ndani ya ndege akiamini redio imezimika, ilhali bado inarusha mawimbi. Mimi siifanyi kazi hiyo bila kumweleza mteja.

Bungoma: Mbona rfkill list inanionyesha hp-wifi na phy0, ilhali kadi ni moja?
Jibu: Ya kwanza imesajiliwa na moduli ya kipakatalishi chenyewe, ya pili na kadi. Kwenye baadhi ya mashine, kizuizi cha programu katika ya kwanza hushusha waya ule ule wa pini, kwa hiyo phy0 hukiona kama kizuizi cha swichi. Ondoa kizuizi cha hp-wifi kwanza, kisha utazame phy0 tena.