Kabla hujalipa jimu ya mwezi, jaribu Daraja la Tanzanite

Kama unakaa Dar na unalipia jimu ili ukakimbie kwenye mashine tu, hiyo hela iokoe. Pumzi inajengwa vizuri kabisa nje. Toka kunapopambazuka, maana ikigonga saa mbili jua la pwani linakumaliza jasho. Januari na Februari ndiyo usiseme. Daraja la Tanzanite lina zaidi kidogo ya kilomita 1, hivyo ukienda na kurudi una uhakika umemaliza 2, tena upepo wa bahari unaupata bure.

Ukishuka ufukwe wa Coco, angalia maji kwanza. Yakiwa yametoka, kimbia kwenye ule mchanga mbichi uliokaza, raba inaacha alama bila kuzama. Mchanga mkavu wa juu unatesa vifundo vya miguu, hasa kwa anayeanza. Na maji huchelewa kama dakika 50 kila siku: alfajiri ya leo yametoka, wiki ijayo saa hiyohiyo yamejaa.

Jimu naiheshimu kwa vyuma. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Hapo mwalimu wa kukurekebisha mgongo unaponyanyua ana thamani kubwa. Jimu nyingi za mtaani zinapokea malipo ya siku, lipa hivyo. Masika ikianza, Machi hadi Mei, ndiyo ulipie mwezi mzima.