Kupima kasi ya mwendo baada ya kiharusi kwa simu na kompyuta

Tafuta sakafu tambarare ya mita 14. Kwa vilima na mawe ya Mwanza, korido ya kituo cha afya inafaa kuliko uani. Bandika utepe kwenye mita 0, 2, 12 na 14. Mgonjwa aanzie 0; saa ya simu ianze kidole cha mguu kikivuka 2, isimame kikivuka 12. Usimwambie aishie 12, atapunguza mwendo mapema.

Tembea upande wake dhaifu, nyuma kidogo. Ukitangulia, atafuata kasi yako, na hapo utakuwa umejipima mwenyewe.

Rudia mara tatu, akipumzika. Kwenye jedwali la kompyuta jaza sekunde B2 hadi D2, kisha E2 andika =10/AVERAGE(B2:D2). Wastani wa sekunde 20 ni mita 0.5 kwa sekunde. Tumia nukta, si koma. Koma huweza kuharibu hesabu.

Kasi ikiwa chini ya 0.4, mgonjwa kwa kawaida hutembea ndani ya nyumba tu. Juu ya 0.8, hutembea mitaani. Lakini msongamano wa soko la Mwaloni Kirumba ni mtihani mwingine.

Andika pia fimbo na viatu alivyotumia. Akibadilisha fimbo, huwezi kulinganisha vipimo.