Somo: Kumpangia kuku wa mayai usiku na mchana

Wadau, huku karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Kuku wa mayai anataka 14 hadi 16 ndipo atage vizuri. Zinazopungua tunazijazia kwa taa.

Hatua ya 1. Mitemba, yaani kuku wachanga ambao hawajaanza kutaga, waache na mwanga wa jua hadi wiki ya 18 hivi. Ukiwaharakisha wanaanza kutaga kabla mwili haujakomaa: mayai madogo, na wengine kizazi kinatoka nje.

Hatua ya 2. Ongeza nusu saa kila wiki hadi zifike 15. Mimi naishia hapo.

Hatua ya 3. Uongeze alfajiri, si jioni. Hapa wengi tunakosea. Ukizima taa ghafla saa 3 usiku, giza linawakuta chini, vichanja hawavioni, asubuhi unawakuta wamerundikana kwenye kona. Washa saa 9 na nusu usiku. Jioni jua litazama lenyewe nao watapanda taratibu.

Hatua ya 4. Ukishaongeza, usipunguze. Umeme ulikatika, taima yangu ikapoteza majira, ikawa inawasha taa mchana kweupe. Nani angeiona? Wiki mbili baadaye trei 7 zimekuwa 4, manyoya yametapakaa sakafuni. Siku zikifupika, mwili wa kuku unajua msimu wa kuzaa umekwisha. Sasa natumia taima yenye betri.

MASWALI

Mwalimu, nina kuku kipofu na bado anataga. Mwanga anaupatia wapi?

Unapenya fuvu, dada. Ndani ya ubongo kuna chembe zinazohisi mwanga. Mfaransa Jacques Benoit alilionyesha miaka ya 1930 kwa mabata waliopofushwa: aliwaongezea taa, korodani zikakua vilevile. Mwekundu ndio unaopenya zaidi, kwa hiyo balbu ya njano ni bora kuliko ya bluubluu.

Nikiwasha usiku kucha, mayai si yataongezeka?

Hapana kaka. Yai moja huchukua saa 24 hadi 26, ndiyo maana leo kataga saa 2 asubuhi, kesho saa 3, kisha anaruka siku. Giza ndilo linalowapa majira. Ukiliondoa, watataga saa yoyote, hata saa 8 usiku. Halafu nani ataokota?

Mwanga uwe mkali kiasi gani?

Chukua gazeti, chuchumaa penye chombo cha chakula. Ukisoma bila kukunja uso, unatosha. Ila futa vumbi kwenye balbu kwanza.