Jinsi ya kuangalia Dragon Maid sebuleni na familia nzima, ukiwatafsiria mwenyewe

Kama nyumbani una wadogo zako na bibi ambaye akiona katuni tu anasema hayo mambo ya watoto, hii inakuhusu. Mi nakaa Tandika, tumemaliza sizoni zote mbili za Miss Kobayashi's Dragon Maid tukiwa watu sita kwenye sebule moja, bibi akiwemo, na kabla ya hapo hakuna aliyekuwa anajua anime, yani katuni za Kijapani, ni kitu gani. Mtu wa kutafsiri ndo alileta tofauti, na huyo mtu unaweza kuwa wewe.

Stori yenyewe unaisimulia kwa dakika moja kabla hujawasha. Kobayashi ni mdada wa ofisini anaandika programu za kompyuta, kazi imemchosha na mgongo unamuuma, usiku mmoja kalewa akapanda mlimani akakuta joka kubwa limechomwa upanga, akauchomoa, wakanywa wote, akaliambia njoo ukae kwangu, alafu asubuhi hakumbuki chochote. Joka likaja mpaka mlangoni likajigeuza msichana mwenye pembe na mkia, jina lake Tohru, anataka kumfanyia kazi za ndani. Baada ya hapo majoka mengine yanaanza kuja mojamoja na yote yanajifunza kuishi na binadamu.

Cha kwanza kabisa, angalia peke yako kwanza. Sizoni ya kwanza ya mwaka 2017 ina epsodi 13, ya pili ya 2021 ina 12, kila moja kama dakika 24 hivi kwahiyo sio mzigo. Kuna vichekesho vya mwili ambavyo huwezi kukaa navyo na bibi, hasa vya joka Lucoa na yule mtoto wa kiume anayekaa naye, na mwanzo wa sizoni ya pili joka Ilulu anapoingia. Mi vile vipande sivipendi kabisa na sioni vinaongeza nini, nilikuwa naandika dakika zake kwenye karatasi nikifika hapo nasogeza mbele, hakuna anayepoteza stori. Usijitie kujiamini ukaacha hii hatua.

Kuhusu kuunganisha simu na TV sina la kukufundisha, ila shusha epsodi mapema maana bando likikata katikati watu wanainuka na hawarudi.

Sauti iache ya Kijapani. Wengine watakwambia weka ya Kiingereza ndo rahisi, mi nakataa, kwasababu sebuleni kwetu Kiingereza kilikuwa kinamfanya bibi ajione hausiki, lakini Kijapani wote tulikuwa sawa hatukijui, alafu maneno yake mengi yanaishia na irabu kama yetu kwahiyo majina waliyashika usiku uleule, Kobayashi, Kanna, Takiya. Na kuna kitu hawa wadogo mpaka leo hawajakiacha, Kanna, lile joka dogo, akishangaa huwa anasema "maji yabakune", mdogo wangu wa darasa la tatu akaruka, kasema maji! Kijapani cha mtaani "maji" ni kama kusema kweli kabisa, sentensi nzima ni kama "hii si noma sana?", nikawaeleza, na tangu siku hiyo mtu akitumwa maji hapa nyumbani lazima mwingine amalizie yabakune.

Sasa kutafsiri. Fikiria wale wa kwenye vibanda umiza, wale waliokuwa wanapita njia ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, hawakuwa wanafukuzana na kila neno, walikuwa wanakupa maana alafu wanaacha picha ifanye kazi. Soma maandishi ya chini kwa macho, subiri nusu sekunde, sema kwa Kiswahili unachoongea kila siku. Tohru akirudi nyumbani anasema "tadaima", mwanzo nilikuwa nasema "nimerudi", haikunoga, siku nimeweka "hodi" na anayejibu nikaweka "karibu mwanangu" bibi naye akawa anaitikia. Kabla ya kula wakishika vijiti wakasema lile neno lao, mi naweka bismillahi. Simamisha pale tu ambapo pana kitu hakipo kwetu, mfano kotatsu, ile meza yenye hita chini na blanketi juu, hapa Dar na hili joto mtu haelewi kwanini wanagombania kuingia humo mpaka umwambie Japani kuna baridi ya theluji.

Maid nilisema dada wa kazi. Bibi akauliza hapohapo, analipwa shilingi ngapi? Nikamwambia anakula na kulala humo kama mtu wa nyumbani, akasema basi huyo sio dada wa kazi huyo ni ndugu, na nadhani alielewa hii anime kuniwahi mimi.

Neno joka nalo lina kazi. Bibi ni mtu wa Kilwa, kitu kinachojigeuza mtu kwake ni jini tu, na mi sikumbishia, nilimwacha aite jini mpaka epsodi ya tatu ndo nikaanza kuwaambia kila mmoja katokea kwenye ngano za kwao. Fafnir ni joka la ngano za kaskazini ya Ulaya linalolinda hazina, humu anakaa kwa Takiya, mfanyakazi mwenzake Kobayashi, anacheza gemu. Lucoa ni Quetzalcoatl, mungu nyoka mwenye manyoya wa Meksiko ya kale. Kanna katoka kwenye imani za Waainu, watu wa kaskazini ya Japani. Yani ni kama mtu aweke zimwi, jini wa baharini na popobawa nyumba moja Sinza.

Usiku wa kwanza weka epsodi ya kwanza na ya pili pamoja, sababu Kanna anaingia ya pili na wadogo watamshika yeye. Ya nne anaenda shule, kuna kununua vifaa, kila mzazi anaijua Januari. Ya tisa usiharakishe na usiongee sana. Ni siku ya michezo shuleni, Kanna anataka Kobayashi aje na Kobayashi kazi zimembana. Mama mdogo anauza Kariakoo anarudi usiku, siku ile alikuwa anamenya karanga, akaacha, sahani ikabaki mapajani mpaka mwisho.

Kabla ya sizoni ya pili waambie kuhusu Kyoto Animation, studio iliyoitengeneza hii anime. Tarehe 18 Julai 2019 mtu aliichoma moto studio yao, wakafa watu 36, na mwongozaji wa sizoni ya kwanza, Yasuhiro Takemoto, alikuwa mmoja wao. Waliobaki ndo wakairudia kazi. Tulikaa kimya kidogo, bibi akawaombea.

Epsodi ya 13, ile ya mwisho ya sizoni ya kwanza, iwekee siku ambayo hakuna wa kuwahi kulala. Baba yake Tohru anakuja kumchukua, mzee mkali, nyumba nzima inatetemeka, mi natafsiri vitisho vyake kwa sauti nzito kabisa, bibi akanishika mkono akasema ebu waambie, mzee wa watu katoka mbali hivo, mbona hawajampa hata kiti?